Nani Anamzoea Nani? Tahakiki ya Istilahi za Viungo vya Bandia Vinavyojirekebisha

Miezi michache iliyopita nililetewa mezani kijitabu cha kurasa kumi na sita, kilichofasiriwa kwa Kiswahili ili wapewe watu waliokatwa mkono au mguu na kuvalishwa kiungo cha bandia cha aina mpya, yaani kile kiendeshwacho kwa betri na kompyuta ndogo iliyomo ndani yake. Waliokileta hawakuja kutafuta tahakiki. Walikuja kutafuta idhini, wakidhani kwamba kazi iliyobaki ni kusahihisha tahajia tu. Sitawataja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza si lao peke yao. Limo pia katika majalada yetu, na baadhi ya istilahi walizozitumia walizichukua katika orodha ambazo mimi mwenyewe nilishiriki kuziandaa.

Kosa lenyewe ni hili. Ukurasa wa tatu unamwahidi msomaji kwamba kiungo, kwa kuwa kina akili, kitamzoea kwa muda mfupi. Ukurasa wa tisa unamwamuru msomaji yuleyule akizoee kiungo kwa mazoezi ya kila siku. Ukurasa wa kumi na mbili unasema kwamba ni fundi atakayekizoesha kiungo. Kila ukurasa ukisomwa peke yake hauna kasoro ya sarufi. Zikisomwa pamoja kurasa hizo tatu zinamwacha msomaji na swali ambalo kijitabu hakilijibu: nani anamzoea nani? Wala swali hilo si la mezani tu. Mtu aliyeambiwa kwamba goti lake jipya litamzoea, akianguka mara ya kwanza atavumilia. Akianguka mara ya pili atadhani goti bado linajifunza. Akianguka mara ya tatu atajilaumu mwenyewe. Hatarudi karakana, maana aliyoyasoma hayakumwambia kwamba lipo jambo ambalo fundi peke yake ndiye awezaye kulirekebisha.

Kabla sijaingia katika kiini hicho, niseme kidogo juu ya neno ambalo wasomaji wengi watatazamia nilishambulie, nalo ni bandia. Ni kweli kwamba neno hili, ambalo asili yake ni mwanasesere, yule mtoto wa kuchezea aliyeshonwa kwa matambara, siku hizi limechafuliwa na jamaa zake: noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Ni kweli pia kwamba mtu aliyekwisha kupoteza mguu hapendi mguu wake mpya uwekwe katika fungu moja na noti za wahalifu. Lakini neno hili limekita mizizi. Fundi hulisema, muuguzi hulisema, na mwenye mguu hulisema bila kusita. Wapo wanaopendekeza tufuate mkondo wa istilahi za kompyuta, ambako maneno akili bandia, akili mnemba na akili unde yangali yanashindana, tupate kiungo unde au mguu mnemba. Mimi sioni faida ya kuhamishia ugomvi wa nyumba moja katika nyumba nyingine. Tukiirejesha tu ile -a ya uhusiano iliyozoeleka zamani, tukasema mguu wa bandia na meno ya bandia, tutakuwa tumeutenga mguu na noti kwa gharama ndogo sana. Kuhusu neno mgonjwa, ambalo kijitabu kinalirudia karibu katika kila aya, nasema tu kwamba mtu ambaye gutu lake limepona si mgonjwa, na aitwe mwenye kiungo.

Tugeukie basi vitenzi, maana huko ndiko kwenye madhara.

Ili kupima kitenzi hatuna budi kwanza kukijua kitendo. Mikono ya bandia inayoendeshwa kwa umeme wa misuli si uvumbuzi wa jana. Mjerumani Reinhold Reiter aliueleza mkono wa namna hiyo mwaka 1948, na mwaka 1960 kundi la Kobrinski katika Umoja wa Kisovyeti likaonyesha mkono uliofaa kutumiwa na watu nje ya maabara. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza. Msuli unapokazwa hutoa umeme hafifu sana, na umeme huo huweza kunaswa juu ya ngozi kwa vipande vya metali viitwavyo elektrodi. Elektrodi moja huwekwa juu ya msuli wa upande mmoja wa gutu, nyingine upande wa pili. Msuli wa kwanza ukikazwa kiganja hufumba, wa pili ukikazwa hufumbua. Na kama mkono una kazi zaidi ya hiyo, kwa mfano kuzungusha kifundo, mwenye mkono hulazimika kuikaza misuli yote miwili kwa mkupuo mmoja ili abadilishe kazi, kisha aanze upya kutumia misuli ileile kwa maana mpya.

Hapa msomaji na atazame ni nani aliyebeba mzigo. Mkono huo haubadiliki hata kidogo. Ni mtu ndiye anayejifunza lugha ya mashine, na lugha yenyewe haina uhusiano wowote na jinsi alivyokuwa akiutumia mkono wake wa kuzaliwa, kwani hakuna mtu aliyezungusha kifundo chake kwa kukaza misuli miwili kwa pamoja kama anayebisha hodi. Kwa mkono wa namna hii kitenzi kuzoea kinatosha, na mtendaji wake ni mmoja: mtu anauzoea mkono.

Kwa upande wa miguu hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1990. Kampuni ya Kijerumani ya Otto Bock ilitoa mwaka 1997 goti liitwalo C-Leg, lenye vihisi vinavyopima pembe ya goti na uzito unaoukanyaga mguu mara 50 kwa kila sekunde, na kompyuta ndogo inayoamua goti lilegee au likaze. Goti hilo hujibu hatua kwa hatua, lakini kiasi cha kujibu kilipangwa na fundi, akiwa na kompyuta yake, mwenye goti akitembea mbele yake. Miaka michache baadaye Hugh Herr, mtafiti wa chuo cha MIT huko Marekani ambaye yeye mwenyewe alikatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya kupanda mlima mwaka 1982, pamoja na mwenzake Ari Wilkenfeld, walieleza mwaka 2003 goti la namna nyingine. Ndani yake mna mafuta yenye chembechembe za chuma, ambayo hugeuka mazito yakipitishiwa nguvu ya sumaku, na kompyuta yake hubadilisha ukazo wa goti yenyewe kwa kadiri inavyoupima mwendo wa mtu, bila kuhitaji fundi aiarifu mapema kuhusu mtu huyo.

Kijitabu chetu kinayaita magoti yote mawili viungo vyenye akili. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu Kiswahili kina uwezo wa kuyatenga kwa kitenzi kimoja tu na viambishi vyake. Goti la kwanza linarekebishwa. Goti la pili linajirekebisha. Tofauti iliyopo kati ya maneno hayo mawili ni silabi moja, na silabi hiyo ndiyo inayomwambia mwenye goti aende wapi mwendo wake unapobadilika, anapopungua uzito au anapobadili viatu. Neno akili halimwambii lolote. Ni neno la tangazo la biashara, na mfasiri alilipokea kama lilivyo.

Sasa tufike penye aina ya tatu, ambayo ndiyo iliyoleta mgogoro. Mwaka 2011 Patrick Pilarski na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza jaribio la kumwezesha mtu aifunze mashine inayoongoza mkono wa bandia wakati uleule anapoitumia, kwa kuipa ishara ya tuzo inapofanya vema na ishara ya kukemewa inapokosea. Baadaye wakaongeza jambo lingine: mashine ijifunze kutabiri. Ikiona mara nyingi kwamba mtu huyu, baada ya kunyoosha kiwiko, huhitaji kufumbua kiganja, basi iwe inamwandalia kiganja kabla hajakiomba, ili apunguziwe ile adha ya kubadilisha kazi kwa mkupuo wa misuli. Mashine hiyo haijibu tu. Inaweka kumbukumbu ya mtu fulani, na kumbukumbu hiyo haimfai mtu mwingine. Kwa hiyo tuna viungo vya namna tatu, na vyastahili vitenzi vitatu: kinachorekebishwa, kinachojirekebisha na kinachojifunza.

Katika kikao chetu palikuwa na pingamizi juu ya kitenzi cha tatu. Mwenzangu mmoja alisema kwamba ile ji- ya kujifunza ni ya kujirejea, na mashine haina nafsi ya kujirejea. Namheshimu, lakini hoja yake haina nguvu. Mtoto anayejifunza kusoma kwa mwalimu hamfukuzi mwalimu katika sentensi, wala hatudhani kwamba anajifundisha mwenyewe. Ji- hiyo imekwisha kuganda katika kitenzi. Isitoshe, wale waliokataa mashine ijifunze ndio haohao waliokubali iwe na akili.

Hata hivyo, kujifunza peke yake hakutoshi, na jambo hili nililifahamu si kwa kusoma bali kwa kusikia. Tuliona vema kijitabu kisomwe kwanza mbele ya watu wachache waliokusudiwa kukitumia, na mmojawapo alikuwa fundi cherehani wa makamo aliyepata mkono wa umeme alikotibiwa nje ya nchi. Mkono wake ulikuwa wa aina iliyo katikati: elektrodi zake ni nyingi, na kompyuta hulinganisha ruwaza ya umeme wa misuli na mifano ambayo yeye mwenyewe aliitoa siku ya kwanza, alipotakiwa kuwaza kufumba, kuwaza kufumbua, kuwaza kuzungusha, tena na tena. Nilipomaliza kusoma ule ukurasa wa tisa unaomtaka aendelee na mazoezi, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, mimi mkono huu nimeuzoea. Wenyewe ndio haujanizoea.”

Nilimwomba anieleze. Alisema kwamba asubuhi mkono humtii, lakini adhuhuri, jasho likiisha kuingia ndani ya soketi, humfumbulia kitambaa alichotaka ukishike. Akiunyanyua juu kufikia rafu, vilevile hukosea. Kwa hiyo amejifunza kuwaza kwa namna nyingine wakati wa mchana. Wataalamu wa jambo hili wanalijua vizuri: jasho, uchovu, kusogea kidogo kwa elektrodi na hata mkao wa mkono hubadilisha ruwaza, ingawa nia ya mtu ni ileile. Lakini tazama alilolifanya mzee huyu. Mashine ilipokosea, yeye alijibadilisha. Kama mashine hiyo ingekuwa ya aina ya tatu, nayo ingekuwa imejibadilisha wakati uleule.

Na hapo ndipo penye ugumu wa kweli wa viungo hivi, ambao hauonekani mtu akisema tu kwamba mashine inajifunza. Kila aliyepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja anajua kisa cha watu wawili wanaokutana uso kwa uso. Mmoja anasogea kushoto kumpisha mwenzake. Mwenzake, kwa adabu ileile, anasogea upande huohuo. Wote wanarudi, wote wanakutana tena. Hakuna mkaidi hapo. Tatizo ni kwamba wote wawili wanarekebisha kwa mara moja, kila mmoja akilenga pale alipokuwa mwenzake muda mfupi uliopita. Mtu na mkono unaojifunza huweza kukwama hivyohivyo, mmoja akifuata kosa ambalo mwingine amekwisha kuliacha. Njia moja ya kulikwepa ni kuifanya mashine ibadilike polepole kuliko mtu. Nyingine ni kuwa na vipindi ambavyo upande mmoja hutulia. Lugha yetu ina neno la kuajabiwa kwa hali hii, kupishana, ambalo lina maana ya kupeana njia na pia maana ya kukosana. Ningependa walitumie wahandisi wetu siku watakapoandika juu ya jambo hili kwa Kiswahili.

Basi kwa kitendo chenyewe, kile cha pande mbili kubadilika kila mmoja kwa ajili ya mwingine mpaka zikatulia pamoja, mimi napendekeza kitenzi ambacho fundi cherehani alikuwa amekaribia kukitamka: kuzoeana. Kauli ya kutendana ina sifa ambayo istilahi ya kutohoa haiwezi kuwa nayo. Inamlazimu mwandishi awataje watendaji wawili. Huwezi kuandika kwamba kiungo kitazoeana, ukaweka nukta, ukaenda zako. Sentensi itakudai umtaje mwenzake. Kama kijitabu kingetumia kitenzi hicho, kurasa za tatu na tisa zisingeweza kupingana, kwa sababu zingekuwa zinasema jambo moja.

Pingamizi zuri zaidi nililolisikia lilitoka kwa mzee mmoja wa Mombasa aliyealikwa katika kikao. Alisema kwamba kuzoeana si neno safi kama tunavyodhani. Mtu mzima humwambia kijana “usinizoee”, naye humaanisha usinivunjie heshima. Watu waliozoeana mno hawaoneani tena haya. Je, tunataka kumwambia mwenye mkono kwamba yeye na mashine wamefikia hapo? Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa niliona ametupa sababu moja zaidi ya kulichagua neno hilo. Kiungo kinachojifunza kwa mtu hujifunza pia makosa yake. Mtu anayechechemea kwa sababu soketi inamuuma, goti lake likimzoea, litauzoea mchechemeo, na siku soketi itakapotengenezwa litakuwa limekwisha kujipanga kwa mwendo wa maumivu. Neno lililobeba ndani yake onyo la mazoea yaliyopita kiasi linafaa zaidi kuliko neno linalosifu tu.

Imebaki sarufi, nayo haikuwa nyepesi. Tukisema mtu na mkono wake wamezoeana, upatanisho wa ngeli ya watu unaubeba mkono juu na kuufanya kana kwamba ni mwenzi wa nyumbani. Sentensi inageuka hadithi. Tukisema vimezoeana, tumemshusha mtu katika ngeli ya vitu, na huyo ndiye mtu ambaye tangu mwanzo tumekuwa tukitetea heshima yake. Kiswahili kimekwisha kutupa njia ya kutokea, nayo ni kumweka mmoja katika kiima na mwingine baada ya na: mtu anazoeana na mkono wake. Uhusiano unabaki wa pande mbili, lakini kiima ni mtu. Nashauri hiyo iwe ndiyo kanuni katika maandishi yote yanayomlenga mwenye kiungo. Katika maandishi ya mafundi, ambako mashine ndiyo inayochunguzwa, sentensi yaweza kugeuzwa, mkono ukazoeana na mwenyewe, wala hapana ubaya.

Kwa nomino napendelea mazoeano kuliko uzoeano. Jambo linalotendeka baina ya pande mbili aghalabu hufuata njia ya ma-, kama mapatano, maelewano, mashindano, hali u- ikibaki zaidi kwa hali iliyokwisha kutulia, kama uhusiano. Mkono na mtu hawatulii kabisa. Jasho hurudi kila adhuhuri. Mazoezi yabaki kuwa ya mtu, marekebisho yawe ya fundi, na mazoeano yawe ya wote wawili.

Ni haki niseme pia kwamba kiwango cha kimataifa cha istilahi za fani hii, kilichotolewa mwaka 1989, kinakieleza kiungo cha bandia kuwa ni kifaa kivaliwacho nje ya mwili kufidia sehemu iliyokosekana au iliyopungua. Ni maelezo mazuri, nasi tuliyafuata. Lakini yamejengwa juu ya kuvaa, na mtu akivaa shati hatarajii shati limjue. Ndiyo maana nasema kosa la kijitabu limo pia katika majalada yetu: tuliandaa nomino nyingi za sehemu za kifaa, kuanzia soketi hadi wayo, tukasahau vitenzi vya mambo yanayotendeka kati ya kifaa na mtu.

Kijitabu nimekirudisha bila muhuri. Ukurasa wa tatu sasa unasomeka hivi katika rasimu niliyowapelekea: “Mkono huu unajifunza kadiri unavyoutumia, nawe utajifunza kadiri unavyokujibu. Utazoeana nao kwa majuma kadhaa. Ukiona unakosea kwa namna ileile kila siku, usiongeze mazoezi, mwone fundi.” Waliokileta wameniuliza kama neno majuma libadilishwe liwe wiki, na kuhusu hilo nimewaambia wachague wenyewe. Kuhusu kuzoeana wameomba muda wa kulifikiria, na nimemwomba yule fundi cherehani awepo watakaporudi.